Kifua cha Samaki kwa Bafle, Mukia kwa Ampli

Ninyi vijana munaonunua taa mukizani munanunua muziki, ikaleni chini musikilize. Nasema na ninyi wa hapa kambi ya wakimbizi ya Mantapala, na ninyi wa kule Kashikishi, kando ya ziwa, pia. Munaanika chisense, wale dagaa wa ziwa letu, jua kwa jua, munalala na harufu yake ndani ya nywele, na siku makuta yanaingia mukononi munakimbia kununua mashini inayowaka nyekundu na bluu sawa arusi ya tajiri. Bafle munachukua zile za kuongezewa bure. Kisha munakuja kuniita mimi bibi yenu: "Nkambo, kuja uone, muziki yetu inalia vibaya." Nije kuona nini? Maiti?

Mimi nilitengeneza bafle tangu wakati matiti yangu yalikuwa yanasimama yenyewe. Leo yamelala, kazi nayo imelala, lakini mudomo haujalala. Sikusoma sana. Darasa la pili, kisha baba akasema masomo ya musichana yametosha, shika jembe. Lakini waulizeni wenye mabare ya pombe wa Pweto, kule kwetu Kongo, kama kuna mumoja bado muzima: muziki yenu ikianza kukohoa, mulikuwa munaibeba kwa nani? Watawaambia, kwa Mama Flori. Najisifu, ndiyo. Nisipojisifu mimi, hiyo kazi ataifanya nani, mbuzi?

Bon. Kwa yule asiyejua kitu: bafle ni ile sanduku ya mbao yenye kinywa cha karatasi. Huku Zambia wanaiita sipika. Ndiyo inayoimba. Ampli ndiyo ile chuma inayoisukuma iimbe. Sasa mutu akiingia dukani, jicho linaenda kwa ampli, kwa sababu ina vifungo, ina taa, ina namba zinazokimbia. Bafle inakaa kwenye kona sawa bibi arusi mugeni, haisemi. Basi makuta yote yanaenda kwa mwenye kujionyesha, na mwenye kuimba anapata makombo. Nimeona hiyo maisha yangu yote, kwa Wakongomani na kwa Wabemba, kwa walevi na kwa wachungaji.

Sheria yangu ni ya samaki. Ukipika makobo moja na kuna mugeni, mugeni unamupa kifua, wewe unashika mukia na unanyamaza. Makuta ya muziki unayakata vilevile. Kifua kwa bafle. Mukia kwa ampli. Miiba kwa nyuzi na batri. Ampli ya kawaida ikisukuma bafle nzuri, utasikiliza mupaka ugali upoe. Ampli ya ajabu ikisukuma bafle mbovu, utasikia ubovu kwa nguvu, na jirani atausikia pia.

Aliyenifundisha alikuwa muzee Kabwe, fundi wa Pweto, mutu mwenye meno ya mbele tu. Mimi nilikuwa nauza mikate ya kukaanga mbele ya mulango wake. Siku moja aliweka muziki ya kujaribu, na mimi nikaacha mikate ndani ya mafuta, nikageuza kichwa.

"Mama wa mikate, umesikia nini?"

"Ile gitaa ya chini inakwaruza."

"Kila mara?"

"Hapana. Ikishuka tu."

Akafungua ile bafle. Kipande cha waya kilikuwa kinagusa karatasi kwa nyuma. Mikate yangu iliungua yote siku ile, na yeye akaila hivyo hivyo, nyeusi, kwa yale meno yake ya mbele, akasema kesho uache sufuria nyumbani, kuja na masikio.

Alinifundisha kuinua kabla ya kuangalia. Bafle nzuri inavuta mukono chini, kwa sababu sumaku yake ni nzito. Lakini wauzaji nao wana akili. Kulikuwa bwana mumoja, muuza mafuta ya mawese, alisikia hiyo siri ya uzito kwa wengine, akaenda kununua mwenyewe, akarudi akijivuna na bafle inayotoa jasho kuibeba. Nilifungua visi, zile skurubu za nyuma. Ndani kulikuwa tofali. Tofali la kuchomwa, zuri kabisa, limefungwa na kitambaa lisigonge. Nilimuambia, "Papa, umenunua nyumba, sasa tafuta mengine umalizie ukuta." Hakucheka. Muzee Kabwe alicheka mupaka akaomba maji.

Donc, inua, kisha fungua. Kisha weka vidole vyote juu ya karatasi, sukuma polepole, sawa unagusa tumbo la mutoto anayeumwa. Ikienda na kurudi bila sauti, ni nzima. Ikikwaruza, mwachie mwenyewe. Kisha gusa nyuzi zake na batri ya tochi, mara moja tu. Karatasi inapaswa kuruka. Isiporuka, unanunua sanduku la kuwekea nguo. Na zile namba kubwa za nguvu zilizoandikwa kwenye karto, ile boksi yake, musiniletee. Ile namba ni sala ya muuzaji. Mungu hakuijibu.

Sasa niwaambie kwa nini nimeshika kalamu, kwa sababu si juu ya tofali.

Bwana yangu anaitwa Donati. Munamujua, ni yule muzee anayekaa nje akipukuchua mahindi, mukimusalimia anajibu kitu kingine. Alikuwa mwimbaji wa kwaya kule Pweto, sauti ya chini, ile inayoanza wimbo ukasikia benchi inatetemeka chini ya matako. Binti yetu Bea aliimba kwaya ile ile. Yeye alikuwa juu. Baba chini, binti juu, na katikati watu wote wa Mungu wakijaribu kuwafuata. Siku moja muzee Kabwe aliweka radio yake ya kaseti juu ya benchi kanisani, akashika wimbo mumoja muzima. Ndiyo sauti pekee ya Bea iliyobaki. Homa ilimuchukua mwaka ule tulivuka kuja Zambia. Tulimuzika, kisha tukakimbia bila kumaliza matanga. Kaseti niliifunga na plastiki, nikaizamisha ndani ya unga. Watu walibeba magodoro, mimi nilibeba ule unga, na ulipobaki kidogo nikakataa wasiupike.

Miaka imepita na masikio ya Donati yamekufa kidogo kidogo, sawa moto wa makaa. Siku moja tuko shambani, tunapalilia mihogo, akasimamisha jembe.

"Mama Flori."

"Nini?"

"Uso wa Bea ninao. Sauti imenitoka."

"Imekutoka namna gani?"

"Ninaitafuta. Ninaikuta ya kwako."

Nilipalilia mustari muzima bila kuona ni mihogo ninakata ao ni majani.

Nyumbani tulikuwa na radio ndogo, ile ya mukononi. Nilimuwekea kaseti, akabandika sikio, akasema kuna mbu ndani. Basi niliita watoto. Flori, wetu wa kwanza, anaendesha lori, anapita Kasumbalesa na Ndola. Yeye na wadogo zake walichanga makuta, wakasema yatakuwa ya muziki ya papa, na Flori akaja nayo mwenyewe. Kijana mumoja wa Kashikishi mwenye kompyuta alitoa ule wimbo ndani ya kaseti, akauweka kwenye flash. Ikabaki kununua. Musijidanganye, hatukununua muziki ya kucheza. Tulinunua sauti ya mutoto ili baba yake aisikie kabla masikio hayajafunga kabisa. Makuta yalikuwa ya mara moja. Ukikata vibaya, umekata.

Tulienda Kashikishi, mimi na Flori. Muuzaji alikuwa kijana Mubemba mwenye kofia, Kiswahili chake cha biashara tu. Alivyoona Flori anashika mufuko, akawasha mashini yake kubwa. Taa zikaanza kuzunguka mupaka nikaona kizunguzungu.

"Ba mayo, hii iko na pawa mingi! Bluetooth iko! Hata karaoke iko!"

"Inaimba?" nikauliza.

"Inaimba sana, mayo."

"Nasikia inapiga kelele. Nimeuliza kama inaimba."

Flori akanivuta pembeni. "Mama, hii ni mupya. Papa akiiona atafurahi."

"Papa yako ni kipofu?"

"Hapana."

"Ni nini inamuuma?"

"Masikio."

"Sasa unamununulia taa ya nini?"

"Mama, wewe unapenda vitu vya zamani juu uko wa zamani."

"Na wewe ulitoka ndani ya hicho cha zamani, ukilia vizuri kuliko hiyo mashini. Funga mufuko."

Muuzaji aliniuliza kama nataka kumuua na njaa. Nilimuinulia bafle ya ile mashini yake kwa kidole kimoja, kidole hiki cha katikati, nikamurudishia. Alitikisa kichwa, akacheka, akasema, "Ba mayo, aba bena Kongo!" Ndiyo kusema: mama, hawa watu wa Kongo! Wenzake wakacheka, na Flori akatoka nje kwa haya.

Hapa chukueni akili. Ilikuwa wakati ziwa limefungwa, ile miezi serikali inakataza kuvua ili samaki wazae. Wakati ule Kashikishi yote ina njaa, na wenye mabare wanauza vitu vyao. Ampli inaondoka kwanza, siku ile ile, kwa sababu ya taa. Bafle zinabaki, hakuna anayezitaka, ni kubwa na zina alama za chupa. Mwenye akili ananunua bafle wakati ziwa limefungwa. Nilimupata mama mumoja wa bare, bafle zake mbili zilikuwa zinatumika sawa kiti, kuku wamelala juu. Niliinua. Mugongo wangu ukasema ndiyo. Nilifungua: sumaku pana sawa sahani ya supu, hakuna tofali. Nilisukuma karatasi: kimya. Tukampa kifua chote cha samaki. Ampli tulinunua ile ndogo ya gari, ina sura ya kopo la sardini, ikitumia batri na pano ya sola, na mukia ukabaki hata wa sukari.

Kwenye njia ya kurudi Flori alitembea mbele, mugongo kwangu. Lakini mimi nilikuwa naimba. Nilijua nimekata vizuri.

Nyumbani Donati aligusa bafle, akazipiga piga na kiganja sawa mutu anayesalimia ng'ombe. Akasema, "Hizi zitamuleta." Akataka wimbo uwekwe Dimanshi, baada ya misa, akiwa amevaa.

Ilikuwa bado katikati ya juma. Solange, muke wa Flori, mutoto muzuri, mwenye heshima, aliogopa watoto watatoboa karatasi na vijiti. Akajisemea, "Niziweke kwa depo, nifunge na kufuli." Mimi nilikuwa nimeenda kuzika mama mumoja wa kanisa letu, nililala huko. Depo ya Solange ni kile chumba anakoweka magunia ya chisense, akingojea bei ipande. Munaelewa? Amekua mujini, mambo ya bafle hajui. Alizifunika na shuka safi, akafunga kufuli, akaondoka na roho safi.

Karatasi ya bafle inakunywa harufu kuliko nguo. Ilale na chisense siku mbili, nayo ni chisense. Panya hajui muziki, anajua samaki. Hii ndiyo ajali ya ziwa letu. Kule mbali na maji mafundi hawaijui, watakuambia bafle inakufa kwa kufunguliwa sauti sana. Huku zinakufa kwa kuliwa. Niliporudi na kuinua ile shuka, nilikuta bafle moja ina dirisha na nyingine ina mulango.

Solange alianguka magoti. "Mama, munisamehe! Minaona sawa nimeua mutu!"

"Simama. Hujaua mutu. Umekaribisha wageni, umewapa kifua."

Flori alisimama pale mulangoni na mikono kiunoni, na yale maneno alikuwa ameyahifadhi tangu sokoni. "Ile mashini yangu ya taa, mama, panya angeitafuna wapi? Kwa chuma ao kwa plastiki?"

Nilikunja ile shuka. Andikeni hiyo pia: mushindani wenu anaweza kuwa mujinga na panya akamupa haki.

Donati hakusikia yale makelele, lakini aliona nyuso zetu. Akaja, akaingiza kidole ndani ya lile tundu, akakitoa, akaniangalia.

"Bea hatakuja?"

"Atakuja," nilimuambia kwa sauti kubwa, mupaka majirani wakajibu amina. "Nitashona."

Nilikuwa nimeacha kazi. Macho yangu yana ukungu na vidole vinatetemeka, ugonjwa wa sukari umeviharibu. Lakini ninawaambia namna nilifanya, kwa sababu siku moja itawafikia. Usizibe karatasi ya bafle na gundi ya unga. Mafundi wengi wa huku wanapika unga wa mihogo, wanabandika, kisha wanashangaa panya anarudi. Umemupikia ugali, mboga ilikuwa pale tayari! Tumia gundi nyeupe ya seremala. Chukua karatasi ya mufuko wa simenti, ile ya katikati isiyo na vumbi, uichane kwa vidole, musiikate na mukasi. Ukingo uliochanwa una nywele, unashika polepole na hauachi mustari. Bandika kipande chembamba mbele na kingine nyuma, ukinyamaza, bila kuvuta, kwa sababu ukivuta karatasi itainama upande, na lile duara la waya la katikati litakwaruza mupaka kiyama. Pale ukingo ulipokuwa umeliwa kabisa nilitia kitambaa cha mwavuli wa zamani wa Solange. Alinipa mwenyewe, akilia. Kisha niliziacha zikauke ndani ya nyumba, juu ya meza yetu, na mimi nikakaa pale na fimbo sawa askari.

Donati alikaa upande wa pili wa meza. Kila akiamka kuniuliza, nilimuinulia kiganja: bado. Hakuwahi kunihimiza hata katika kunioa.

Asubuhi ya Dimanshi nilisukuma na vidole. Ile ya kushoto, kimya. Ile ya kulia, kimya. Niligusa nyuzi na batri ya tochi, zikaruka zote mbili sawa vyura. Flori aliona. Akavuta pumzi kwa pua, akatoka kwenda kufunga pano juu ya mabati bila kuambiwa.

Musiweke bafle chini kwenye kona. Mutu anaweka chini kwa sababu ni nzito, kisha sauti inakuwa ya mutu aliye ndani ya kisima. Niliziweka juu ya viti viwili, vinywa vikiangalia kiti cha Donati, urefu wa masikio yake. Nilitundika blanketi nyuma yake, sauti isirudi kugonga. Alioga. Alivaa ile shati ya kwaya, ya bluu, iliyobaki rangi kwenye makwapa tu. Solange alimupaka mafuta usoni. Alikaa sawa mutu anayengoja kupigwa picha.

Wimbo ukaanza. Kwanza kile kikohozi cha mutu wa kwaya, na mugongano wa benchi, wazi kabisa, sawa kanisa la Pweto limeingia ndani ya nyumba yetu ya matofali mabichi. Kisha sauti za wanaume. Na mume wangu akashika mikono ya kiti. Alisikia! Niliona inaingia usoni mwake sawa chakula.

"Huyo ni mimi!" akapiga kelele. "Flori! Sikia papa yako alikuwa namna gani!"

Tulipiga makofi. Solange akapiga vigelegele. Flori aliniangalia, akatoa kofia, akasema, "Mama, umeshinda. Sitakubishia tena." Na mimi nilisimama pale katikati ya zile bafle zangu, mukono kiunoni, na musinidanganye kwamba kiburi ni dhambi. Kwa muda ule Mungu mwenyewe angeninunulia soda.

Kisha Bea akaingia.

Aliingia juu, pale pale alipoingiaga, nyembamba, safi, bila kutetemeka. Nilisikia hata ile namna yake ya kuvuta pumzi katikati ya neno, iliyokuwa inamukasirisha mwalimu wa kwaya. Solange, ambaye hakumujua, aliweka mukono kwenye kinywa. Flori alikaa chini kwenye sakafu.

Donati aliinua kidole.

"Nyamazeni," akasema. "Nyamazeni, Bea anakaribia kuingia."

Nilizani ninasikia vibaya. Niliinama mbele yake. Macho yake yalikuwa yanachezacheza na furaha, kichwa kikifuata wanaume, kidole juu. Aliwasikia wote wale wa chini, mumoja mumoja, na alisikia sauti yake mwenyewe ya ujana. Binti yake alikuwa anaimba usoni mwake na yeye alikuwa anamungojea.

Nilikimbia kwenye ampli. Kile kifungo cha sauti za juu nilikizungusha mupaka mwisho, mupaka Bea akawa sindano, watoto wakaziba masikio. Nilivuta bafle ya kulia na kiti chake, Flori akanisaidia, tukaiweka karibu na shavu la baba yake. Tukazunguka upande wa sikio lingine.

"Papa, sasa?" Flori aliuliza, akilia. "Papa, sasa unasikia nani?"

"Kwaya," alijibu. "Vizuri kabisa. Musiguse tena. Ataingia wakati gani?"

Maisha yangu yote nimewagawia watu makuta: hii kwa bafle, hii kwa ampli, hii kwa nyuzi. Nimewatukana waliokataa. Hata mashini ya Flori na taa zake zote isingemurudishia masikio ya sauti za juu. Hata bafle za mufalme. Nilisimama na mikono bado ina gundi kavu, sina mahali pa kuongeza hata ngwee moja.

Flori aliniangalia ili nimuambie baba yake. Nilitikisa kichwa. Nikaweka mudomo kwenye sikio la bwana yangu.

"Bado kidogo, Papa Flori," nikamuambia. "Ngoja tu."

Wimbo ulifika mwisho, benchi zikagongana, ikabaki kimya. Donati alishusha kidole. Alifikiri kidogo, kisha akasema labda alikuwa anafikiri mambo mengine, akamukosa. Akaomba turudishe mwanzo. Solange akarudisha. Wanaume wakaanza, kisha Bea akaingia tena, juu, pale pale, na mume wangu akainua kidole na kutuambia tunyamaze.